Hongera Ninayoingoja

Banda la Akina Mama,
Hospitalini,
Shinyanga.
Alhamisi, 25 Juni 1981.

Mpendwa Dada Paskazia,

Shikamoo dada. Kabla sijakuuliza hali, ngoja nikuambie alichofanya Mageni wangu sasa hivi. Ameokota gunzi la hindi, akalizungushia pamba, akalilaza ndani ya beseni la jirani yangu Melania na kulifunika kitambaa. Kisha akasimama mbele ya beseni, mikono kiunoni. Mzee mmoja aliyekuja kumwona binti yake alipopita karibu, Mageni akamkemea, "Nawa mikono kwanza!" Dada, mzee wa watu akarudi bombani akanawa kweli. Banda zima limecheka. Na mimi nimecheka, kisha nikashtuka kwamba nimecheka.

Haya, hujambo dada yangu? Shemeji Eustace hajambo na kifua chake? Vumbi la mkonge bado linamsumbua? Watoto wote wazima, na yule wa mwisho ameshaacha kulilia ziwa? Nawaona wote machoni ingawa Tanga siijui hata kwa picha. Ukiniuliza mimi, mwili wangu ni mzima, nala na kutembea. Moyo ndio haukai mahali pake.

Anwani hiyo hapo juu isikutishe. Najua hesabu yako bado inaniweka na mimba mpaka mwezi wa nane, kama nilivyokuandikia wakati wa palizi. Nimejifungua, dada. Mtoto wa kiume. Yuko hai. Nimeliandika hilo mapema usije ukaisoma barua nzima moyo unakudunda kama wangu. Yuko hai, lakini amekuja kabla ya wakati wake, mdogo kupita kiasi, na tangu siku ile yuko kwenye chumba cha joto, nami niko huku bandani nasubiri kuitwa.

Mwandiko usiucheke. Darasa la nne langu unalijua, na wewe ndiye uliyenishika mkono nikaweza kuandika jina langu. Naandikia juu ya sinia nililogeuza, na Mageni ananiegemea bega la kulia, hilohilo la kuandikia.

Ilikuwa Jumapili ya Pentekoste. Tumetoka kanisani, tumekula, mimi nikakaa upenuni kwenye mkeka natenga pamba. Padri asisikie, lakini kesho yake kijiji kilikuwa kinaanza kununua, na mama mkwe wangu Mhunze yote wanamjua kwa ukali wa pamba. Safi huku, fifi, ile chafu, kule. Ukiacha kijani kimoja kikavu ndani ya fungu la safi, anakumwagia fungu zima mbele yako uanze upya. Nikahisi maji. Nikadhani Mageni amemwaga kibuyu. Kutazama, pamba yote safi niliyoitenga imelowa chini yangu. Unajua neno langu la kwanza lilikuwa lipi? Nilisema, "Mama nisamehe, nimeharibu pamba."

Mama mkwe akaweka kiganja tumboni kwangu. Akaondoka mbio mpaka dukani kwa Badrudin, mguu mmoja una ndara, mwingine peku. Badrudin ndiye mwenye pikapu pale kwetu, Mhindi, ila alizaliwa hapahapa na Kisukuma anakisema kuliko wewe uliyekisahau. Akamwambia, "Mama, leo Jumapili na saa nane imepita, gari haziruhusiwi." Na huko kwenu nadhani ni hivyohivyo na hii shida ya petroli. Mama mkwe akamjibu, "Basi njoo umwambie mwenyewe mtoto asubiri Jumatatu." Badrudin akachukua funguo. Mkewe, Mama Gulnar, akarusha mto na sweta la mwanawe nyuma ya gari.

Mume wangu Bujiku alinishika kule nyuma njia nzima. Tulipopita Maganzo wachimba almasi walikuwa wamekaa barabarani na chai yao, wakatupungia mikono wakidhani tunakwenda harusini. Karibu na mjini tukakuta kizuizi. Polisi akaja polepole, kitabu mkononi.

"Mzee, hujui leo ni siku gani?"

"Ni siku ya mtu kuzaliwa," Badrudin akamwambia. "Tazama nyuma, halafu uandike."

Polisi akatazama. Hakuandika. Alikimbilia gogo la kizuizi akalinyanyua peke yake, na lile gogo huwa wanalishika wawili.

Hospitalini walikuwa wameninyoosha tu kitandani mtoto akatoka. Hakulia, dada. Nilitega sikio kama mtu anayesikiliza nyayo mlangoni, wapi. Nikamwona muuguzi, Sista Generosa, amempindua kiganjani, kiganja kimoja tu kilimtosha, anampigapiga nyayo. Halafu kikaja kisauti kama cha paka mchanga aliyefungiwa nyumba ya tatu. Ndiye yeye. Wakampima, ratili tatu hazikutimia. Ngozi nyekundu, nywele hadi mabegani, masikio laini kama jani la mlenda. Huku watoto hawa wanaitwa njiti, na kweli vidole vyake ni vya njiti ya kiberiti.

Sista akachukua maji kwa kijiko akaniuliza, "Jina?" Nikatafuta kichwani sikukuta jina hata moja. Nilikuwa na miezi miwili zaidi ya kulifikiria. Akaona nimekwama, akasema, "Basi ni Kalisti, jina la babu yangu. Aliishi mpaka akachoka mwenyewe." Akambatiza palepale. Nilishukuru, ila maana ya maji ya kijiko naijua. Mtoto anayetegemewa kukua husubiri akapelekwa kanisani na mama yake amevaa khanga mpya.

Chumba cha joto kiko ng'ambo ya uwanja, naona mlango wake kutoka hapa nilipokaa. Ndani kuna masanduku ya mbao aliyoyaunda seremala wa hapa, juu kioo, chini balbu za kuwapasha watoto joto. Umeme ukikatika, wanazungushia chupa za maji ya moto zilizovalishwa soksi. Kalisti ana kimpira puani cha kupitishia maziwa, maana kunyonya bado hajui. Ila shida yake kubwa siyo maziwa. Anasahau kupumua. Nimemwona kwa macho yangu. Kifua kinapanda kinashuka, kinapanda kinashuka, halafu kinatulia tu, na midomo inaanza kuwa rangi ya zambarau. Sista anasema, "Amesahau tena huyu," anamgusa unyayo kwa kidole, naye anakumbuka. Basi dada, mimi usiku na mchana nawaza, je Sista akigeuka kumtazama mwingine?

Nikueleze tunavyoishi, upate kuelewa kwa nini macho yangu hayatoki kwenye mlango ule. Wakati wa kulisha ukifika Sista anasimama mlangoni, anagonga kijiko kwenye kikombe na kupaza sauti, "Maziwa!" Sote tunakwenda na vikombe vyetu, tunakaa kwenye benchi tunakamua, yeye anayapitisha kwenye mpira. Siku akikuita wewe peke yako na kukuambia kikombe kiache, ujue mtoto wako ametolewa mpira, sasa anawekwa ziwani kama watoto wa watu. Melania aliitwa hivyo wiki hii. Alikimbia khanga imemdondoka katikati ya uwanja, akaiacha hukohuko.

Habari mbaya nayo haipazwi sauti. Hiyo Sista huja nayo mwenyewe. Anavuka uwanja taratibu, mikono mitupu, anaingia bandani na kukaa kwenye kitanda cha mhusika. Nimeiona mara moja. Alikuja kwa msichana mmoja wa Tinde, uzazi wake wa kwanza, kitanda cha tatu kutoka kwangu. Tulimwona Sista tangu anatoka mlangoni bila kijiko, na kila mmoja wetu akawa anaomba apite kitanda chake. Mungu anisamehe, na mimi niliomba hivyo. Alinipita.

Tangu hapo nimekuwa mwoga wa mtu anayetembea polepole.

Sasa dada, nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu hapa, usinione mtoto. Hakuna aliyenipa hongera. Mageni alipozaliwa ulikuwepo, unakumbuka vigelegele vile, na wale wanawake walionimwagia unga kichwani mpaka nikapiga chafya. Safari hii nimepewa pole. Bujiku alinipa pole. Badrudin alipokuja kuniletea sukari, pole. Katekista, pole. Hata mwanamke anayefagia hapa, "Pole mama." Siwalaumu, wanaogopa kunipongeza leo halafu kesho waje na maneno mengine. Lakini nimezaa, dada. Nimezaa mtu ana kucha na nyusi, na ukimwekea kidole anakishika. Pole ni ya mgonjwa na ya msiba. Mimi ni mzazi.

Juzi mama mkwe alikuja, na hapo niliaibika ambavyo sijawahi kuaibika.

Bujiku alikuwa amerudi nyumbani Jumapili akawaeleza jinsi mtoto anavyosahau kupumua. Juzi mchana nimekaa nje naona lori la pamba linasimama barabarani, anashuka mama mkwe, Mageni mgongoni, kichwani bunda kubwa la shuka. Na kwenye pembe ya bunda panachungulia kitu cheupe. Cheupe kipya, hakina doa. Anatembea polepole, macho chini. Dada, unajua kwetu watu wanaotumwa kumfuata marehemu hospitali wanabeba nini. Kichwa changu hakikuuliza mara mbili. Nikasema wamekata tamaa kule nyumbani, wameshanunua sanda, wameona bora ifike mapema maana usafiri ni wa shida.

Nikasimama nikapiga kelele mbele ya watu wote. "Bado mama! Bado yuko hai, rudi nayo!"

Akasimama. "Nirudi na nini?"

"Hiyo sanda!"

Akashusha bunda taratibu, akafungua fundo. Pamba. Pamba safi, nyeupe kama maziwa, imefura kama mkate.

"Mayu," akaniambia, na anaponiita mayu, mama, ndipo ujue amekasirika au amenionea huruma, "mimi nipande lori la watu na sanda ya mjukuu wangu? Anayepumua? Hii ndiyo ile pamba yako. Ile iliyolowa nilitupa, hii iliyobaki nimemalizia kuitenga mwenyewe. Bujiku kasema pamba ya hospitali imekwisha, watoto wanalazwa kwenye matambara. Nikajiuliza, sisi huku tunalima nini, karanga?"

Nilikaa chini nikalia mpaka kamasi. Naye akakaa pembeni yangu akisubiri nimalize, huku anatoa kijani kimoja kikavu kilichompita alipokuwa anatenga.

Kwa Sista Generosa ikawa kesi. Akaishika pamba, akainusa, akasema hiyo haiwezi kuingia chumba cha joto, ina mbegu, ina vumbi, na shambani imepigwa dawa ya wadudu. Wewe hujawahi kuona mama mkwe akiambiwa pamba yake ina kasoro.

"Pamba yangu," akasema, "tangu mkoloni haijawahi kuitwa fifi."

"Sijasema fifi, mama. Nimesema mbegu."

"Mbegu zinatoka."

"Zitoeni zote, basi, muioshe kwa maji ya moto na kuianika. Ikikauka niletee, niipitishe kwenye chungu chetu cha mvuke tunachochemshia vyombo, halafu tuishonee kitambaa. Hapo nitaipokea."

"Na ukiipokea useme ni safi."

"Nitasema ni safi sana."

Basi dada, alasiri ile banda letu liligeuka ginari ya kuchambulia pamba. Akina mama wote tulikaa chini kwenye mikeka, tunatoa mbegu kwa vidole, hata wale ambao watoto wao hawana shida. Mama mkwe anapita nyuma yetu kukagua, kama bwana shamba. Melania, ambaye mumewe anachimba dhahabu huko Geita na yeye pamba haijui kabisa, akawa anazungusha donge moja tu saa nzima.

"Wewe huko kwenu mnafanya kazi gani?" mama mkwe akamuuliza.

"Kwetu tunatafuta punje, mama. Mume wangu anakaa ndani ya duara, lile shimo la dhahabu, mwaka mzima anatafuta kitu kidogo kuliko hii mbegu. Akikipata anakuja kuniamsha nikione."

"Na ukikiona?"

"Nasema ni kikubwa." Kisha akanigeukia. "Mama Mageni, na wewe acha kusema wako ni mdogo. Geita punje ya ukubwa huo wangeipigania."

Walicheka, na mimi nikacheka kidogo. Ndipo Mageni alipopata pamba yake ya kumlazia gunzi. Yeye haruhusiwi kuingia chumba cha joto, mdogo wake hajamwona, na nadhani ameamua kujitengenezea wake. Jana aliniuliza, "Mama, mtoto yupo kweli?" Nikamwambia yupo. Akaniangalia kama unavyomwangalia mtu anayekuahidi peremende.

Jana jioni Sista aliipokea ile pamba. Kalisti sasa amelala juu ya pamba ya shamba letu, palepale kwenye lile fungu alilonikuta nalitenga alipoamua kuja. Mama mkwe aliruhusiwa kutazama dirishani. Alifuta kioo kwa khanga, akatazama muda mrefu. Nikasubiri. Mwisho akainama karibu na kioo akamwambia mtoto kwa Kisukuma asiwe na haraka tena, sisi tupo. Tukaondoka.

Njiani nikashindwa kujizuia. Nikamwuliza, "Mama, na wewe hutanipa hongera?"

Akasimama. "Hongera ya nini? Huyu bado yuko njiani. Amechungulia tu, akaona watu wanatenga pamba. Mwezi wa nane ndio mwezi wake. Siku hiyo nitakupigia vigelegele mpaka Badrudin afunge duka ajue kuna nini. Leo ukinilazimisha nitakupa ya nusu, nawe huitaki ya nusu."

Si kwamba hanipendi. Mtu asiyekupenda habebi pamba kichwani kutoka Mhunze. Lakini usiku sikulala vizuri.

Na leo, dada, ndiyo siku iliyonifanya niombe karatasi. Asubuhi daktari alisimama mbele ya sanduku la Kalisti muda mrefu kuliko siku zote. Nilikuwa dirishani. Aliweka kile chombo cha masikioni kifuani kwa mtoto, akakitoa, akakiweka tena. Akasema na Sista kwa sauti ndogo. Nilipomwuliza Sista, alisema, "Leo tutaona, Mama Mageni. Kaa bandani. Nitakujia."

Hakusema ataniita. Alisema atanijia. Nimelipindua neno hilo tangu asubuhi. Melania anasema nisilitafune, Sista amechoka, anasema lolote linalomjia mdomoni. Lakini maziwa ya mchana wenzangu wote wameitwa wakaenda na vikombe. Mimi niliposimama Sista alinionyesha kiganja kwa mbali kwamba nikae. Nikakaa. Maziwa yamejaa mpaka blauzi imelowa, na kikombe changu kiko hapa kimekauka. Mama mkwe anasonga ugali nje jikoni, sijamwambia chochote, ila naona anasonga huku anatazama mlango uleule ninaoutazama mimi. Ugali ulishaiva zamani.

Ndiyo maana nakuandikia. Nisipoandika nitavuka uwanja huu nikagonge, na Sista ametukataza.

Nina ombi moja, na siyo la kitu cha kutuma. Sabuni najua hata huko hakuna. Barua hii mpaka ikufikie kwa reli na posta, na wewe mpaka upate nafasi ya kujibu, na jibu lako mpaka lifike Mhunze dukani kwa Badrudin wanakoweka barua zetu, itakuwa mwezi wa nane umekaribia au umeingia. Ukijibu, usianze na pole. Usianze hata na hali. Anza na hongera, iandike kwa herufi zile kubwa ulizokuwa unaniandikia kwenye mchanga nilipokuwa mdogo. Uandike: hongera mdogo wangu kwa kupata mtoto wa kiume, Kalisti. Jina lake liwepo.

Na kama barua yako itanikuta sina Kalisti, niandikie hivyohivyo. Nimewaza sana kabla ya kuandika mstari huu. Nitataka kuisoma hata hivyo. Alikuja, nikamwona, alinishika kidole. Mtu mmoja awe amempokea kwa neno lile wanalopokelewa wenzake.

Lakini nategemea, dada. Nategemea sana. Huyu hakumwogopa polisi wala Jumapili. Akitoka hapa nitakuja naye Tanga, nimeshamwambia Bujiku, tukauze pamba ya msimu ujao tupande treni, uone nywele zile za mabegani kama zitakuwepo bado. Na nikiwa huko nitapumzika wiki nzima mgongo wangu ukutani, wewe umbebe.

Nimalize na salamu sasa hivi, maana nikiitwa sijui nitarudi kwenye sinia hili nikiwa mtu wa namna gani. Msalimie sana Shemeji Eustace, mwambie kofia aliyompa Bujiku, mwenyewe anaivua kila akija dirishani, kama yuko kanisani. Wasalimie watoto wote mmoja mmoja kwa majina, na yule wa mwisho mbusu shingoni. Mama mkwe anakusalimu, anasema bado anakumbuka ulivyokula mlenda wake vibakuli viwili. Melania hakufahamu lakini naye anakusalimu. Mageni anasema shikamoo, na gunzi lake linakusalimu. Huko nyumbani kwa mama usiandike kwanza, niachie mimi nimwandikie siku nikiwa na la kumwambia.

Mungu awafunike wote katika nyumba yenu, awape usingizi ninaoukosa mimi, na awakumbushe watoto wote wadogo kupumua.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, uliyemfundisha kushika kalamu,

Limi, Mama Mageni.

Dada, nilikuwa nimeshaikunja barua, nimeifungua tena. Mlango wa chumba cha joto umefunguka. Sista ametoka. Mama mkwe ameacha mwiko ndani ya chungu amesimama. Melania amenishika bega. Sista hatembei, amesimama palepale kizingitini, na mkononi sioni kijiko. Ameweka viganja mdomoni. Anaita, dada, anapaza sauti mpaka wa wodi nyingine wanachungulia, ananiita mimi, nimenyanyua kikombe nimwonyeshe ninacho, naye anatikisa kichwa, anacheka, anasema kiache hicho Mama Mageni, kiache, njoo na ziwa tu